Maswali Yenu: Siku Moja Kwenye Majaruba ya Longji

Mwezi uliopita nilitaja Longji kwa mstari mmoja tu, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Kwa waliokosa: Longji, maana yake "uti wa mgongo wa joka", ni milima ya wilaya ya Longsheng, jimbo la Guangxi, kusini mwa China. Imechongwa majaruba ya mpunga kama ngazi, kutoka bondeni hadi karibu na kilele, na vijiji vya Wazhuang na Wayao vimekaa katikati ya ngazi hizo. Wengi mnaoniandikia mnakuja Guangzhou kufunga mzigo, na mnataka siku moja ya kupumua kabla ya ndege. Haya, tuanze.

Dada, nikipanda treni ya mwendokasi asubuhi kutoka Guangzhou, naweza kufika Longji na kurudi usiku huohuo? Mzigo wangu unapakiwa kesho yake. (Muuza nguo, Kariakoo)

Usijaribu, kaka. Utaona treni na basi, majaruba utayasikia. Treni ya Guangzhou hadi Guilin, mji ulio karibu na Longji, inakula karibu saa tatu, halafu kuna barabara ya mlimani ya saa mbili na zaidi, yenye kona za kumtoa mtu chai ya asubuhi. "Ziara ya siku moja" inayotangazwa huanzia Guilin. Mnaondoka kama saa 2 asubuhi, mnarudi saa 11 au 12 jioni, na mlimani kwenyewe mnapata saa nne, mkibahatika. Kwa hiyo lala Guilin usiku wa kuamkia ziara.

Nenda na pasipoti yako mfukoni. Najua wengi mnaziacha kwa wakala wa mizigo, lakini bila pasipoti hupandi treni na hoteli haikupokei. Na ukiwa na viza ya kuingia mara moja usihofu, Guilin iko ndani ya China bara. Wanaopata matatizo ni wale wanaokwenda kutembea Hong Kong, kisha wanashindwa kurudi kuchukua kontena lao.

Nimeona ziara mbili za Longji. Moja bei ya chai, nyingine mara nne yake, na maelezo ni yaleyale. Tofauti ni nini? (Mwanafunzi, Wuhan)

Tofauti ni duka. Safari yangu ya kwanza nilichukua ya bei ya chai. Tuliondoka alfajiri tukiwa watu 30, mimi peke yangu mgeni. Saa 4 tukashushwa kwenye jengo lisilo na madirisha, tukafundishwa kutambua vito vya kijani vya halisi na vya bandia, kisha tukaelekezwa kwenye kaunta. Tukatoka huko tukaingia kwenye duka la chai. Tulipofika mlimani ilikuwa saa 8 mchana, na mwongozaji akatupa dakika 70. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alikuwa amenunua bangili, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha bila kusema neno.

Sheria ya utalii ya China ya mwaka 2013 inakataza kuwalazimisha wageni kununua, lakini kukupitisha dukani na kukukalisha humo ni jambo jingine. Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi: tunasimama maduka mangapi? Kiingilio cha mlimani, ambacho kwa miaka kimekuwa yuan 80, kimo ndani ya bei? Na tunakwenda kijiji kipi? Wakijibu "Longji" tu, waulize tena, kwa sababu kuna Ping'an na kuna Dazhai, na ni milima miwili tofauti. Ping'an ni cha Wazhuang, kimezoea wageni zaidi na kina nyumba nyingi za kulala. Dazhai ni cha Wayao Wekundu, ni kipana zaidi, na mimi hupenda huko. Kwa siku moja chagua kimoja. Kutembea kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine kunachukua saa nne au tano, na hakuna ziara ya siku moja itakayokusubiri.

Kama mko watatu au wanne, changeni mkodi gari na dereva. Mtashangaa jinsi gharama inavyokaribiana.

Nakuja kwenye maonyesho ya Canton ya Oktoba. Je, nitakuta mpunga wa dhahabu kama kwenye picha? (Mfanyabiashara, Mombasa)

Hapo ndipo kalenda inapotuchezea. Hayo maonyesho ya biashara ya Guangzhou, yale ya vuli, hufunguliwa tarehe 15 Oktoba, na mpunga wa Longji hugeuka dhahabu kuanzia katikati ya Septemba na kuvunwa mwanzoni mwa Oktoba. Ukimaliza biashara zako na kupanda mlimani, utakuta mabua. Mabua nayo yana uzuri wake, ila si ule ulioufuata. Ukisema utangulie kabla ya maonyesho, jihadhari na tarehe 1 hadi 7 Oktoba. Ni sikukuu ya taifa, nusu ya China iko barabarani, na kwenye kibaraza cha kupigia picha utaona visogo.

Wanaokuja maonyesho ya masika, yanayoanza 15 Aprili na kuishia mwanzoni mwa Mei, wana bahati zaidi. Wakibaki siku chache, wanaweza kukuta maji yameanza kuingizwa mashambani. Kuanzia Mei hadi Juni mlima mzima unakuwa vioo vilivyopangwa, na vyura wanapiga kelele kiasi kwamba usiku unafunga dirisha. Mimi nisingeibadilisha hiyo na dhahabu.

Mwanangu, magoti yangu si ya kupanda ngazi. Binti yangu anataka twende wote. Nibaki hotelini? (Mama, Arusha)

Shikamoo mama. Usibaki. Mwambie binti achague Dazhai, maana huko kuna kebo inayowapandisha hadi kilele kinachoitwa Jinfoding, na ukiwa ndani ya kile kibanda unayaona majaruba chini ya miguu yako. Tiketi yake ni mbali na kiingilio. Ping'an hakuna kebo. Ni kama nusu saa ya ngazi za mawe kutoka maegesho, na wapo wanaume wanaobeba watu kwenye viti vya mianzi. Wengine wanaona aibu kubebwa. Mimi nadhani mbebaji angependa zaidi umlipe kuliko umwonee huruma, lakini patana bei kabla hujakaa. Begi lako pia watalibeba, na mara nyingi mbebaji ni bibi wa Kiyao wa rika lako, kapu mgongoni, na atakuacha nyuma.

Mimi ni Myao wa Masasi. Hao Wayao wa China ni ndugu zetu walipotelea huko? (Msomaji, Mtwara)

Umenichekesha asubuhi nzima. Hapana, ni majina yaliyogongana tu. Hao ni mojawapo ya makabila 55 ya wachache yanayotambuliwa rasmi China, nao wanazidi milioni tatu. Wazhuang ndio wengi kuliko wachache wote, karibu milioni 20, na jina rasmi la jimbo la Guangxi linawataja. Wa Dazhai wanaitwa Wayao Wekundu kwa sababu ya koti za wanawake, zilizofumwa na kutariziwa kwa nyekundu na waridi. Siku ya sita ya mwezi wa sita kwa kalenda yao ya mwezi wanazitoa zote kabatini na kuzianika nje ya nyumba, kijiji kizima kinawaka. Ukikutana na mmoja, mwambie na wewe ni Myao. Nimeshuhudia rafiki yangu wa Tunduru akifanya hivyo kupitia programu ya tafsiri. Alipewa kiti na pombe ya mchele, na hakuna aliyetaka kusikia maelezo zaidi.

Nasikia kuna kijiji cha wanawake wenye nywele hadi miguuni. Ni kweli au ni maigizo ya watalii? (Msusi, Temeke)

Vyote viwili, dada. Kijiji kinaitwa Huangluo, kipo njiani, na ziara nyingi husimama hapo kwa onyesho la kama saa moja la kuimba, kucheza, kisha kufungua nywele. Nywele ni zao. Kwa desturi Myao Mwekundu hukata nywele mara moja tu maishani, akifikisha miaka 18. Zilizokatwa hazitupwi, wala zinazong'oka kwenye kitana. Zote huhifadhiwa na kusukwa pamoja na zilizo kichwani. Ukijua kusoma, kilemba kinakuambia habari. Zikifunikwa kwa kitambaa cheusi, ni binti hajaolewa. Zikizungushwa kama sahani bila fundo, ameolewa ila hana mtoto. Fundo mbele ya paji la uso ni mama.

Siri yao wanasema ni maji ya mchele. Hawatupi maji waliyooshea mchele, wanayaacha yachachuke na kuyachemsha, wengine huongeza maganda ya balungi na mimea, halafu wanaoshea kichwa. Nilinusa chungu kimoja: kinanukia kama togwa iliyopitiliza siku, na moshi. Muuzaji aliponipa chupa alishika msuko wangu mmoja, akauvuta polepole kuona unaanzia wapi. Alipogundua kuwa rasta ni za kuongeza akawaita wenzake, wakaja sita. Mmoja akanifungulia kapu lake akanionyesha shungi la nywele zake za ujana. Tukaelewana kabisa. Chupa nilinunua, miujiza sijaiona, ila mimi si wa kupimia.

Onyesho ni onyesho, na mle ndani kuna mahali wanaume wa kikundi wanapandishwa jukwaani "kuoa" kwa dakika tano, jambo ninalolivumilia kwa kutazama simu. Ukitaka mtu akufungulie nywele nje ya ukumbi umpige picha, anadai malipo. Mlipe. Ni kazi, naye atatumia nusu saa kuzifunga tena. Na wewe jiandae kupigwa picha pia, bila malipo.

Chakula cha halali kinapatikana mlimani? (Msomaji, Unguja)

Mlimani sitegemei. Vijiji vile vinapenda nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, utaiona imening'inia juu ya jiko, na mafuta yake hupikia hata mboga. Guilin mjini wapo Waislamu wa kabila la Wahui, na migahawa yao ina maandishi 清真, yanasomwa qingzhen. Kula huko asubuhi na ubebe cha mchana.

Kitu kimoja kinaweza kukuokoa: wali wa kwenye mwanzi. Mchele hutiwa ndani ya kipande cha mwanzi mbichi, mdomo unazibwa, kinawekwa motoni hadi ganda liwe jeusi. Ukipasuliwa, wali unatoka na ngozi nyembamba ya ndani ya mwanzi imeushika kama karatasi, na harufu ya majani mabichi. Kwa kawaida huchanganywa na hiyohiyo nyama, kwa hiyo lazima uagize mtupu au wa viazi vitamu, nawe usimame hapo hapo ukiona unavyojazwa. Muwe na fedha taslimu kidogo. Malipo ya simu yanakubalika karibu kila mahali, lakini mtandao wa bibi wa mianzi una siku zake.

Mimi ni mkulima wa mpunga, Kyela. Kwetu majaruba yako bondeni kwa sababu maji yako bondeni. Hao wanayapandishaje maji mlimani?

Hili ndilo swali nililolingojea. Hawayapandishi, ndugu yangu. Maji yanatoka juu. Kilele cha mlima kimeachwa msitu, na msitu ule haufyekwi kuwa shamba. Unashika mvua na ukungu, chemchemi zinatoka chini yake, mifereji na mabomba ya mianzi yanachukua maji hadi jaruba la kwanza. Likijaa, maji yanapitia upenyo kwenye kingo hadi la pili, na hivyo hivyo hadi mtoni. Wachaga na mifongo yao, ile mifereji ya Kilimanjaro, wangeelewa kila kitu bila mkalimani.

Kazi ya kuchonga ilianza wakati wa utawala wa nasaba ya Yuan, zaidi ya miaka 650 iliyopita, kwa mikono. Ngazi zinaanzia kama mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi kwenye mita 1,100, na nyingine ni nyembamba kiasi kwamba wenyeji wanasema chura akiruka mara moja anavuka tatu. Husimulia pia juu ya mkulima aliyeambiwa ana majaruba 206. Akahesabu akapata 205, akahesabu tena, 205. Alipookota koti lake la nyasi aondoke, akalikuta la mwisho chini yake.

Sasa wewe unajua kuchavanga ni nini, ile kazi ya kuvuruga udongo na maji kabla ya kupanda mpunga. Fikiria kuchavanga mahali ambapo pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, haina pa kugeukia. Na jaruba la mlimani halipumziki: likikauka, udongo unapasuka, mvua inayofuata inaingia kwenye nyufa, kingo zinaporomoka na kumwangukia jirani wa chini. Kwa hiyo mtu mmoja akiacha kulima, anamharibia mwenzake. Na vijana wanaacha. Wako viwandani katika jimbo jirani la Guangdong, pengine ndio walioshona hizo nguo za kaka wa Kariakoo hapo juu. Mavuno ni mara moja kwa mwaka, na mchele peke yake hauwezi kushindana na mshahara wa kiwanda. Kinachobakiza mpunga Dazhai ni kwamba sehemu ya mapato ya watalii inagawiwa wanakijiji mwisho wa mwaka, nao kwa upande wao wanaendelea kulima. Mwaka 2018 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliyaingiza majaruba haya, pamoja na mengine ya kusini mwa China, kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo.

Utaniuliza kwa nini matuta ya ngazi yalikataliwa kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, mwaka 1955 hadi ikawa ghasia. Yale yaliamriwa na serikali ya kikoloni, kwenye udongo mwembamba ambao ukiuchimba unaleta juu ule usiozaa. Haya yalichongwa na wenye njaa yao wenyewe, kidogo kidogo, na yalipokosewa waliyarekebisha, hakuna afisa aliyekuwa akiwahesabia.

Tukikuta ukungu je? (Wanandoa, Nairobi)

Mtakunywa chai ya mafuta, ile ya kukaangwa na tangawizi na chumvi, na mtasubiri. Ukungu wa Longji hufunguka dakika kumi na kufunga tena. Ndiyo maana nawashauri mlale hukohuko usiku mmoja kama mnaweza. Ziara ya siku moja ina basi la saa 9 mchana, na dereva hajali kama mlima umefunguka saa 9 na dakika tano.