Udi wa babu: upigwe au utunzwe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu alituachia udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Umetundikwa ukutani miaka mingi, na baba hataki uguswe. Mimi natamani kuupiga. Nifanyeje? – Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi nasema upigwe, lakini si leo.

Kwanza uteremshe ukutani; ukuta wetu wa chokaa hunyonya unyevu. Legeza nyuzi zote 11 kidogo kidogo. Kisha uulaze kitandani na uchungulie ndani ya tundu la usoni pake kwa tochi. Ukiona unga mwembamba wa mbao, fukusi wamo. Bonyeza taratibu kibao kinachoshika nyuzi, uone kama kinacheza: gundi ya zamani hulegea kwa joto na unyevu wa pwani, na ukikaza nyuzi kibao kitang'oka na kipande cha uso. Nimeshika udi ulioharibika hivyo, nikalia.

Karatasi ya fundi iliyobandikwa ndani usiibandue kamwe, wala usipige vanishi mpya. Mpelekee fundi wa ala za taarabu, atie nyuzi nyepesi. Uanze kwa robo saa kwa siku. Na siku ya kwanza, mkalishe baba karibu yako.