Wadogo zangu wa kitaluni, mpopi hauhamishwi

Juma hili nimewakuta tena watatu mkiing'oa miche ya mpopi, lile ua liitwalo "poppy" kwa Kiingereza, kwenye trei na kuitia kwenye viriba. Nimevumilia hadi mchana. Sasa sikilizeni.

1. Mpopi una mzizi mkuu mmoja mwembamba, ukiukata, umekwisha. Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja wa Capri Point, hapa Mwanza, aliagiza tuta la maua mekundu mbele ya baraza, kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Nikaotesha miche 200, ikapendeza kweli, nikaing'oa na kuipanda kwa kamba tangu alfajiri. Jioni yote ilikuwa imelala. Nikasema ni jua, nikamwagilia. Kesho yake nikamwagilia tena, asubuhi na jioni, mashina yakaanza kuoza pale yanapogusa udongo. Siku ya nne nilijua imekufa. Sikumwambia. Kila nilipofika nilimwambia, "Itaamka, mama." Siku ya shughuli wageni walipita kando ya tuta tupu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, ungeniambia mapema ningepanga hata makopo ya waridi." Fedha nilimrudishia. Maneno yale ninayo hadi leo.

2. Mwaga mbegu palepale zitakapokaa, ukizichanganya na mchanga mkavu, wala usizifukie, zinataka mwanga. Luseni, yaani udongo wa kichanga, inafaa; udongo wa mbuga, ule mweusi mzito, unatuamisha maji. Mimi humwaga Juni, usiku ukiwa na ubaridi. Zikiota, punguza bila huruma.

3. Kutambua. Mpopi mwekundu una majani yaliyochanika, vinyweleo, petali nne, na tumba linaloinama kama mtoto anayesinzia darasani. Ule wa miiba wenye ua la njano na utomvu wa njano, unaojiotea kando ya barabara, ni ndugu yake, lakini mbegu zake zina sumu. Kuna kijana wetu aliuchimba akautia kiriba, ameupanga mbele kabisa auze! Nilicheka, kisha nikamwosha mikono mwenyewe. Na mteja akileta mbegu za ule wenye majani laini ya kijivu-kibuluu yanayokumbatia shina, kataa. Hiyo ni afyuni, na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inakataza kuilima.

4. Wewe uliyeanza juzi, trei mbili zilizobaki usiziguse. Chukua simu, mpigie mteja wako leo, umwambie miche imekufa.