Sabufa Yako Inameza Maneno ya Taarabu: Jinsi ya Kuyarudisha

Dada mmoja msomaji ameniandikia kutoka Tanga. Kanunua sabufa mpya, spika mbili ndogo na boksi moja kubwa la besi, akaweka taarabu ya Culture Musical Club iliyokuwa ikisikika vizuri kabisa kwenye redio ya zamani ya mama yake. Sasa anasikia mvumo tu. Maneno hayashikiki. Anauliza kama amepigwa dukani.

Hajapigwa. Mtambo wake ni mzima, ila umepangwa vibaya, na ndivyo ulivyo katika sebule nyingi. Namjibu hapa hadharani kwa sababu swali lake ni la kila mtu anayependa muziki wa zamani na anayemiliki sabufa ya kisasa.

Taarabu ni shairi kwanza. Tangu Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, watu wameisikiliza kwa ajili ya kilichosemwa: nani kasemwa, kwa fumbo gani, na kibwagizo kinamchoma nani. Konsonanti zinazomwezesha msikilizaji kutofautisha "kata" na "pata" zinakaa zaidi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000. Besi ikizidi huzifunika, kwa sababu sikio la binadamu lina tabia hiyo: sauti nzito yenye nguvu huificha ile iliyo juu yake. Kuongeza volyumu hakusaidii, maana besi nayo inapanda pamoja.

Shida ya pili iko ndani ya sabufa yenyewe. Spika zake ndogo mara nyingi zina koni ya inchi 3, na koni ya ukubwa huo haishuki vizuri chini ya hezi 150 au 200. Mtengenezaji huikata sauti hapo na kuipeleka kwenye boksi la besi. Lakini sauti ya mwanamume huanzia takriban hezi 85 hadi 180, ya mwanamke juu kidogo. Kwa hiyo kifua cha mwimbaji kinatoka kwenye boksi lililo sakafuni, na herufi zake zinatoka kwenye spika ndogo. Ukiliweka boksi nyuma ya kochi na spika ndogo juu ya kabati la TV, umemgawa mwimbaji vipande viwili.

Muziki wa sasa hausumbuki sana na hilo, kwa kuwa umejazwa chini na juu makusudi. Rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 ziko katikati: sauti, magitaa, tarumbeta, saksofoni. Bendi ilicheza yote kwa pamoja studio, na fundi mitambo aliipima kwa masikio ya mtu mwenye redio ya spika moja. Ukitaka kuzifaidi, lazima uirudishe ile katikati.

Anza kwa kuzima

Zima kila kitu kilichowekwa "kuboresha" sauti. Ikwalaiza ya simu, kitufe cha kuongeza besi, hali ya sinema kwenye TV, vyote zima. Trebo, yaani sauti za juu, weka katikati. Besi ishushe hadi sifuri kabisa. Ukituma muziki kutoka simu kwa Bluetooth au waya wa AUX, volyumu ya simu iwe kama asilimia 85, kisha urekebishe ukali kwenye sabufa. Simu ikiwa chini sana unaikuza na chechefu ya mtambo, ule mlio wa "shhh"; ikiwa juu kabisa, baadhi ya simu huanza kukwaruza.

Boksi la besi liondoe kwenye kona. Kona ni mahali pabaya kuliko pote, maana kuta mbili na sakafu zinaikuza besi kwa pamoja. Liweke ukuta ule ule wa spika ndogo, kati yake, angalau nusu mita kutoka kona yoyote. Wengi huambiwa kwamba besi haina mwelekeo, kwa hiyo boksi linaweza kukaa popote. Hiyo ni kweli kwa mitambo inayokata karibu na hezi 80. Yako inakata juu zaidi, na sikio litajua boksi liko wapi.

Spika ndogo zikae kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, yaani mita moja hivi. Ziachane mita 1.5 hadi 2, na kiti chako kiwe mbali nazo kwa kipimo hicho hicho. Zisiwekwe ndani ya shimo la kabati, kwa sababu kabati huvuma. Zikikaa juu ya rafu, zisogeze hadi ukingo wa mbele. Zikining'inizwa ukutani ni vizuri pia, kwa kuwa ukuta ulio nyuma huzipa unene kidogo pale chini ambapo ni dhaifu. Hii ni kinyume cha ushauri wa spika kubwa, na ni sahihi kwa hizi ndogo.

Sasa kaa kitini. Weka wimbo wenye mwimbaji mmoja na vyombo vichache, udi au kanuni na dumbaki. Besi bado iko sifuri. Sauti itakuwa nyembamba, lakini utashangaa jinsi maneno yalivyorudi. Pandisha besi polepole, kidogo kidogo, hadi kifua cha mwimbaji kitimie, halafu simama. Usiendelee hadi boksi "lisikike". Likianza kusikika peke yake kama kitu kilichoko pale sakafuni, umeshapita, rudi nyuma. Kwa mitambo mingi kitufe kitaishia chini ya nusu.

Watu hukataa hatua hii kwa sababu wamelipia boksi kubwa na wanataka kulisikia. Nawaelewa, lakini nasema wazi: aliyenunua sabufa ili jirani ajue ana sabufa hakununua muziki.

Kuhusu zile wati elfu kumi zilizoandikwa kwenye katoni, zipuuze. Ni PMPO, kipimo cha matangazo kisicho na kanuni. Geuza mtambo usome kibati cha nyuma: kama kimeandikwa unatumia wati 60 za umeme, hauwezi kutoa zaidi ya hapo kwa muda wowote wa maana. Sebule ya kawaida inatoshwa na wati 20 au 30 za kweli.

Chumba

Piga makofi mara moja katikati ya sebule, pazia zikiwa wazi. Ukisikia mlio wa chuma unaotetema baada ya kofi, hapo ndipo konsonanti zako nyingine zinapopotelea. Nyumba zetu ni simenti, vigae na vioo, na kila silabi inarudi mara tatu kabla inayofuata haijafika.

Dawa ni vitu vinene. Zulia zito kati yako na spika. Pazia zito lenye mikunjo, kitambaa chake upana mara mbili ya dirisha, lisinyooshwe. Makochi ya kitambaa ni bora kuliko ya ngozi bandia. Kama nyuma ya kichwa chako kuna ukuta mtupu, sogeza kochi mbele walau nusu mita au uweke rafu ya vitabu pale nyuma. Godoro la sponji la inchi 6 likisimamishwa ukutani hufanya kazi kubwa, kwa anayeweza kuvumilia sura yake. Mkeka na khanga ukutani ni pambo tu, ni vyembamba mno. Trei za mayai, ambazo vijana wa studio za mitaani wanazigandisha ukuta mzima, hazina faida ya maana: ni karatasi nyepesi, zinagusa sehemu ndogo ya sauti za juu na kuiacha katikati na besi vilevile.

Besi ina tabia yake. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma kwenye hezi 43 hivi, karibu kabisa na waya mzito wa gitaa la besi, ambao ni hezi 41. Ndiyo maana mpiga besi akigusa noti fulani madirisha yanatikisika, na noti inayofuata haisikiki. Kitufe hakitaliponya hilo. Weka boksi la besi juu ya kiti unachokalia, cheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kando ya ukuta wa mbele ukiwa na kichwa karibu na sakafu. Pale ambapo noti zote zinalingana, ndipo pa kuliweka boksi. Mara nyingi tofauti ni sentimita 30 tu.

Mtihani wa mono

Sehemu kubwa ya rekodi za zamani za Dar ni mono, yaani sauti ile ile kwenye spika zote mbili, na hilo linakupa kipimo cha bure. Cheza wimbo wa mono ukiwa umeketi katikati. Mwimbaji anapaswa kusimama sehemu moja, hewani, kati ya spika mbili. Akivutwa upande mmoja, spika moja iko karibu zaidi au kuna kitufe cha mizani kimesogezwa. Akiwa hana mahali, sauti imetawanyika kama inatoka nje ya spika na ni tupu kifuani, waya wa spika moja umegeuzwa: nyekundu iko kwenye nyeusi. Ugeuze upande mmoja tu.

Ikishakaa sawa, chukua wimbo wa DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, na uache waimbaji. Ndiyo, hata Gurumo na Bitchuka waache kidogo. Fuata gitaa la rithimu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Litafute chini ya magitaa ya solo na second solo, linarudia kitu kile kile bila kuchoka, na chemko, ile sehemu ya kuchezea, ikiingia lisikilize linavyokazwa. Kwenye sabufa iliyopangwa vibaya gitaa hilo halipo. Likianza kusikika wazi, usiguse kitufe tena.

Faili na kanda

Mtambo hauwezi kurudisha kilichotupwa. Angalia ukubwa wa faili: MP3 ya kilobiti 320 inachukua MB 2.4 kwa kila dakika, ya kilobiti 128 karibu MB 1. Wimbo wa dakika 6 wenye chini ya MB 3 umebanwa kupita kiasi. Sikiliza manyanga: yakisikika kama maji yanayochururuka badala ya mbegu zinazogongana, faili imekufa. Na faili kubwa si ushahidi wa uzima, kwani wengi huchukua iliyobanwa na kuihifadhi upya kwa kilobiti 320.

Kwa hiyo kanda za nyumbani msizitupe. Kaseti iliyotunzwa, hasa C60 (ya dakika 60), mara nyingi ina sauti nzuri kuliko inayozunguka kwenye WhatsApp. C120 ni nyembamba na huliwa na deki, hiyo ichezwe mara moja tu wakati wa kuihamisha.

Safisha hedi (kile kipande cha deki kinachosoma kanda), mhimili wa chuma na gurudumu la mpira kwa pamba ya masikioni na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi ya kuwashia jiko huacha utando. Subiri dakika chache ikauke. Peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kuicheza, ili ijilegeze.

Tundu la maiki la laptop mara nyingi ni la mono na linakuza sauti mno, kwa hiyo tafuta kadi ya sauti ya USB yenye mlango wa line, ule wa kupokea sauti kutoka deki. Rekodi kwa hezi 44,100 na biti 16, na vilele vya sauti visizidi desibeli -6. Ni kama MB 10 kwa dakika, yaani C90 nzima haifiki GB 1. Ukiihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana bila kutupa sauti, inapungua karibu nusu bila kupoteza kitu. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure na inatosha. Kile kitufe chake cha kuondoa chechefu kitumie kwenye nakala tu, kwa mkono mwepesi, kwa sababu pumzi ya nai (filimbi ya taarabu) na upinde wa fidla huondoka pamoja na chechefu.

Kanda ikisikika kama mwimbaji amefunikwa blanketi, usikimbilie trebo. Hedi imeinama kidogo kulinganisha na ile iliyorekodi. Kando ya hedi kuna skrubu mbili. Yenye springi ndiyo ya kurekebisha. Weka alama ya kalamu mahali ilipo. Unganisha kulia na kushoto ziwe mono, kwa sababu hapo kosa hujidhihirisha zaidi, kisha zungusha kwa bisibisi ndogo polepole sana, isizidi nusu mzunguko kila upande. Kuna mahali sauti itafunguka ghafla, na konsonanti zitatoka zote. Acha hapo, rekodi kanda nzima, halafu irudishe skrubu kwenye alama kabla ya kuweka kanda nyingine, maana hiyo nayo imerekodiwa na deki yake.