Maswali yenu ya insha: misemo, ndoto na kalamu nyekundu

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa walimu wa shule za msingi, chache kwa wazazi. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja. Zilizoniomba "insha iliyokamilika ya kunakili" nimezitupa.

Shikamoo Mwalimu. Nina darasa la sita na mtihani unakaribia. Naomba unitumie orodha ya misemo na tashbihi za kupamba insha.

Marahaba. Situmi.

Nitaeleza sababu kwa mara ya mwisho, ingawa najua haitakuwa ya mwisho. Mwaka mmoja nilisahihisha rundo la insha zenye kichwa "Siku nisiyoisahau". Daftari baada ya daftari lilianza hivi: "Niliamka alfajiri na mapema, jua likichomoza kwa mbwembwe huku ndege wakitumbuiza." Alfajiri jua halijachomoza, ndiyo maana ikaitwa alfajiri. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeligundua hilo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitazama asubuhi yake. Wote walikuwa wakiikumbuka orodha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba orodha hiyo niliwapa mimi.

Nguo ya kuazima haisitiri. (Naam, nimetumia methali, lakini hii imekuja yenyewe, sikuichomeka ili nipate alama.) Mtoto aliyekariri "mbio kama swara" ataandika swara akifukuzwa na mbwa, ataandika swara akikimbilia basi, na ataandika swara hata babu yake akikimbia. Muulize, "Ulishamwona swara akikimbia?" Akisema hapana, afute, kisha atafute kitu alichokiona kwa macho yake. Mwanafunzi wangu mmoja, mzito wa kuandika kweli kweli, aliwahi kueleza kwamba babu yake hutembea "kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto". Sentensi hiyo haimo katika orodha yoyote.

Kanuni yangu darasani ni tashbihi moja kwa insha, na iwe ya kujitungia. Mkishindwa, isiwepo kabisa. Na msijidanganye kwamba msahihishaji anaipenda mbwembwe. Mtu aliyeisoma mara mia tangu asubuhi hukipita kifungu hicho bila kukisoma.

Kuna tofauti gani kati ya insha ya wasifu na insha ya masimulizi?

Muda ukisimama na macho yakatembea, huo ni wasifu. Muda ukitembea na macho yakaufuata, hayo ni masimulizi. Swali hili nimelijibu mara nne. Likija tena nitalipita.

Wanafunzi wangu wa darasa la nne wakieleza mtu huandika: "Mama yangu ni mrefu, ni mweupe, ni mzuri." Nimewapa vivumishi vingi wavikariri lakini hakuna kilichobadilika. Nifanyeje?

Umewatuma kuchota maji kwenye kisima kifupi, mwalimu mwenzangu. Kiswahili hakina utajiri mkubwa wa vivumishi. Kaa uvihesabu vile vya asili: -zuri, -baya, -refu, -fupi, -zito, -epesi, -kali, -pole… utaona vinavyoisha mapema. Lugha hii ikitaka kupiga picha hukimbilia kitenzi, hasa kile chenye -me-: ameinama, amekunja uso, shati limepauka, ukuta umepasuka, kamba imelegea. Ikitaka mazoea ya mtu, ina hu-. Ikitaka kumkamata mtu katikati ya tendo, ina -ki-. Vitabu vingi vya mazoezi vinamwambia mtoto "ongeza vivumishi" kana kwamba vilitafsiriwa kutoka lugha nyingine, na nashuku ndivyo ilivyo.

Halafu kuna hilo neno "mzuri". Hilo halielezi chochote, linahukumu. Mtoto akiliandika, mrudishie swali moja tu: umeona nini hata ukasema mzuri? Jibu lake ndiyo sentensi uliyokuwa ukiitafuta. Mama yule yule anaweza kuja hivi:

"Mama akipita mlangoni huinamisha kichwa. Mazoea yamemzidi, kwani huinama hata pale pasipo na haja. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, macho yakabaki nje yakiendelea kucheka."

Urefu umo humo, na neno "mrefu" halikuitwa. Tena mama huyu anafanya jambo. Mtu aliyesimama wima akisubiri kuelezwa huwa anafanana na kila mtu.

Zoezi lenyewe halina gharama. Leta kitu kimoja kilichotumika sana: kufuli kuukuu, kiatu kilichopinda kisigino, mfuko ulioshonwa mara mbili. Kalamu zikae mezani kwa dakika tano. Wakitazame, wakishike, wakitikise, wakinuse. Wazungumze kwanza, ndipo waandike sentensi tano bila -zuri, -baya, -kubwa wala -dogo. Kisha kila mmoja asome maelezo ya kitu chake mwenyewe cha mkobani bila kukitaja jina, wenzake wabahatishe. Wakisema "kalamu" na ni kalamu, muulize kalamu ipi, maana darasa lina kalamu arobaini. Afadhali aeleze alama za meno kwenye kifuniko kuliko kutuambia kwamba ni ya buluu na hutumika kuandikia.

Onyo moja, ingawa hukuuliza. Usilazimishe milango yote mitano ya fahamu katika kila insha. Niliwahi kusoma insha ambamo mtoto alilamba ukuta wa darasa ili tu ulimi nao upate zamu.

Je, tanakali za sauti zinafaa katika insha?

Zinafaa sana, mradi mwandishi anajua mtu wake ameangukia wapi. Mchangani ni tifu, majini ni chubwi, sakafuni ni pu. Mtoto anayetumbukia mtoni pu hakutumbukia popote.

Mwanafunzi wangu ana "halafu" kumi na moja katika ukurasa mmoja. Nimezizungushia zote duara jekundu. Wiki iliyofuata akaleta kumi na tatu.

Duara halimwonyeshi aandike nini badala yake. Mwonyeshe kwamba Kiswahili kimeshaiweka "halafu" ndani ya kitenzi: "Nilifungua mlango, nikamwona, nikarudi nyuma." Kitenzi cha -li- hufungua njia, vya -ka- vikakifuata kwa foleni. Akielewa hilo, nusu ya zile kumi na tatu zitaondoka zenyewe.

Ila usiishie hapo, kwa sababu ukurasa mzima wa -ka- nao unachosha kama bomba linalodondosha maji usiku. Mchukue kwenye hatua ya pili. Mpe sentensi tatu fupi: "Nilifungua mlango. Alikuwa ameketi sakafuni. Alikuwa anahesabu vifungo." Mwambie azifanye moja. Atahangaika, atafuta, na mwishowe atapata kitu kama: "Nilipofungua mlango nilimkuta ameketi sakafuni, akihesabu vifungo." Tazama kazi iliyofanyika humo: -po- imetupa wakati, -li- imebeba tukio, -me- imetupa hali, -ki- imetupa kitendo kinachoendelea. Somo zima la nyakati limo katika sentensi moja ambayo mtoto ameiunda kwa mikono yake.

Hili la kuunganisha sentensi sikulitoa kichwani mwangu. Mwaka 2007 watafiti Steve Graham na Dolores Perin walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi juu ya uandishi wa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12. Kuunganisha sentensi kulionekana kuinua uandishi. Kufundisha sarufi peke yake, pembeni, mbali na kazi ya kuandika, hakukuinua. Bado nakutana na walimu wanaofundisha nyakati Jumatatu na insha Ijumaa, kisha wanashangaa kwa nini Jumatatu haikufika Ijumaa.

Na ukimaliza na "halafu", nenda kwa "ghafla bin vuu". Tukio la ghafla kweli halitangulizwi na tarumbeta.

Kila hadithi ya mwanafunzi huyu inaisha na "Kumbe ilikuwa ndoto!" Nimkate alama?

Usimkate. Amenasa, anatafuta mlango wa kutokea. Ukiangalia utaona kwamba katika aya ya pili alishavamiwa na majambazi kumi na wawili, katika ya tatu gari limewaka moto, na amebakiwa na mistari minne. Wewe ungetokaje? Tatizo liko kwenye ukubwa wa kisa. Mpe saa moja ya maisha yake badala ya siku nzima: dakika alizokaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, muda kati ya kuvunja kitu na mtu kugundua. Kisa cha saa moja hakihitaji ndoto ili kiishe.

Nawalaumu pia wanaotunga vichwa vya insha. "Ajali mbaya niliyoishuhudia" kwa mtoto wa miaka tisa ambaye, tushukuru, hajashuhudia ajali yoyote! Tunamfundisha kudanganya, tena kwa kuigiza majonzi.

Je, ni lazima kuwafundisha "mlima wa hadithi": mwanzo, kupanda, kilele, kushuka, mwisho?

Si lazima, na usiuabudu. Mchoro huo una asili yake kwa Mjerumani Gustav Freytag, aliyeuchora mwaka 1863 akieleza muundo wa tamthilia za matendo matano. Hakuwa akiwafikiria watoto wenye aya tano na nusu saa. Unasaidia kumkumbusha mtoto kwamba kisa lazima kipande mahali. Hausaidii kumwambia kwa nini tukisome.

Kwa hilo napenda zaidi kazi ya watafiti William Labov na Joshua Waletzky ya mwaka 1967. Wao waliwasikiliza watu wa kawaida wakisimulia mambo yaliyowapata, wakachambua visa vile vimejengwaje. Walikuta yale tunayoyajua: nani, wapi, lini, kilichoharibika, kilivyoishia. Lakini walikuta na kitu ambacho shule hukisahau, yaani pale msimulizi anapoonyesha kwamba jambo hili lilikuwa na uzito kwake. Bila hicho msikilizaji hubaki na swali baya kuliko yote: kwa hiyo?

Wape watoto swali hilo. Mmoja asome, mwenzake amuulize, "Kwa hiyo?" Anayeweza kujibu ana kisa, arudi aliingize jibu hilo ndani. Asiyeweza ana ratiba: niliamka, nikaoga, nikaenda, nikarudi. Na tafadhali, jibu lisiwe "Tangu siku hiyo nilijifunza kuwatii wazazi". Huo ni uzito wa mwalimu uliobandikwa kwenye mgongo wa mtoto.

Nina wanafunzi wengi na siwezi kusahihisha kila kosa. Najiona nawaibia.

Huwaibii. Anayesahihisha kila kosa ndiye anayemaliza wino bure, kwa sababu mtoto akiona ukurasa umegeuka mwekundu huangalia alama na kulifunga daftari. Chagua makosa mawili ya wiki, watangazie kabla hawajaandika, usahihishe hayo tu. Kabla daftari halijakufikia, mwenye insha aisome kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Sikio hukamata kitenzi kilichokosa kiambishi na sentensi isiyo na pumzi kabla ya jicho.

Kisha andika swali moja pambizoni kama msomaji, kwa mfano, "Alikuwa ameshika nini mkononi?" Mpe nafasi ya kuandika upya aya hiyo moja, si insha nzima. Insha nne za mwezi zilizosahihishwa na kusahaulika zinamfaa kidogo kuliko insha mbili zilizorudiwa.

Mwanangu akipewa insha nyumbani nimwandikie mimi mara moja ili apate mfano?

Hapana. Wala programu ya kompyuta isimwandikie. Mwalimu anaijua sauti ya mtoto wako kuliko unavyodhani.

Insha iwe na maneno mangapi?

Yaliyotajwa kwenye maelekezo ya mtihani wenu. Soma maelekezo.

Shikamoo. Binti yangu yuko darasa la pili. Anaongea kutwa nzima lakini akipewa penseli anaandika mistari miwili na kulia. Aanze lini insha?

Marahaba mama. Ameshaanza, hiyo ya kutwa nzima ndiyo insha. Mkono wake bado unapigana na umbo la herufi, na mapambano hayo yanamla akili yote, hakibaki kitu cha kukumbuka kisa. Kwa sasa vitenganishe. Mazoezi ya mwandiko yawe na muda wake. Kwenye kisa, yeye asimulie, wewe uandike maneno yake yale yale, pamoja na makosa yake, usiyanyooshe. Kisha msomee.

Mara ya kwanza atafurahi tu kusikia maneno yake yakirudi. Mara ya nne au ya tano atakukatiza: "Hapana, si hivyo, mbwa alikuja kwanza." Hapo amekuwa mhariri. Mwachie aandike sentensi hiyo moja, inayomhusu mbwa, na nyingine endelea kuandika wewe. Machozi yakirudi, rudi nyuma hatua moja. Hakuna anayewafukuza.

Mwalimu, naomba methali ishirini za kuanzia insha.

Rudi juu, swali la kwanza.