Frostpunk: makaa kwanza, sheria baadaye

Ukianza gemu ya Frostpunk unapewa watu 80, jenereta moja kubwa iliyozimwa katikati ya shimo la theluji, na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Katika hao 80, vibarua ni 50, wahandisi 15, na 15 waliobaki ni watoto. Ikariri hesabu hiyo, maana karibu kila uamuzi mchungu utakaokukuta mbele unazaliwa humo.

Kwa wasioijua, gemu hii imetengenezwa na 11 bit studios ya Poland na ilitoka Aprili 2018. Hadithi yake ni ya mwaka 1886, katika dunia ambayo kiangazi kimetoweka na Waingereza walionusurika wamekimbilia kaskazini, kwenye jenereta zinazokula makaa ya mawe. (Wazo lenyewe halikuokotwa hewani. Volkano ya Krakatoa ililipuka kweli mwaka 1883, na mlipuko wa volkano ya Tambora wa 1815 ulileta baridi iliyoharibu mavuno ya mwaka uliofuata Ulaya na Amerika Kaskazini.) Wewe ndiye kiongozi. Sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta kuna mistari miwili, matumaini na manung'uniko. Matumaini yakiisha, au manung'uniko yakijaa, watu wanakupa muda mfupi wa kujirekebisha, la sivyo wanakung'oa.

Nimeicheza vya kutosha kuwa na msimamo, na wenzangu wengi wanaupinga: ukatili wa gemu hii mara nyingi ni hesabu iliyoharibika siku mbili tatu nyuma. Watu husema inakulazimisha kuwatumikisha watoto. Mimi nasema inakungoja uishiwe makaa, kisha inakuletea karatasi ya sheria ya kuwatumikisha watoto ikiwa na nafasi ya sahihi. Ukiwa na ghala lililojaa unaisoma karatasi hiyo kwa utulivu na kuirudisha ilikotoka.

Kwa hiyo anza na makaa. Siku za mwanzo watu hufanya kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mchana mahema yanakuwa matupu. Jenereta ya kupasha joto mahema matupu inateketeza akiba bure. Mimi huizima asubuhi na kuiwasha watu wanaporudi kulala, hadi joto litakapoanza kushuka vibaya. Juu ya kioo kuna utabiri wa hali ya hewa unaoonyesha joto litakavyopanda na kushuka. Uangalie kila asubuhi kabla hujagusa kitu kingine, na mabadiliko yakikaribia acha mchezo huo wa kuzima na kuwasha. Jenga pia vituo vya kukusanyia mapema badala ya kuwaacha watu wakichimbua marundo ya makaa na mbao wakiwa wamesimama kwenye theluji. Kituo kimoja kikiwekwa vizuri kinafikia marundo kadhaa, na walio ndani wanapata kijoto kidogo, kwa hiyo wagonjwa wanapungua.

Na wagonjwa ndio wanaoua mji, kuliko njaa. Sababu ni wale wahandisi 15. Karakana ya utafiti inataka wahandisi, na zahanati inataka wahandisi haohao. Kila jengo kati ya hayo linachukua watu 5. Baridi ikiwaangusha vibarua 20 kwa mpigo, unahamisha wahandisi kwenda kuwatibu, utafiti unasimama, teknolojia ya kupambana na baridi inachelewa, na wagonjwa wanaongezeka tena. Miji mingi huanguka kwa mzunguko huo, kimyakimya, wakati mchezaji anahangaikia supu.

Supu yenyewe, yaani sheria ya kupika supu badala ya chakula cha kawaida, kwa maoni yangu haina ubaya. Watu wananung'unika kidogo na chakula kilekile kinalisha wengi zaidi. Kuchanganya chakula na unga wa mbao ni jambo jingine kabisa: unaongeza sahani na unaongeza wagonjwa, na wagonjwa tumeshaona wanakokupeleka. Sheria hiyo usiiguse.

Kuhusu watoto, kitabu cha sheria kinakupa njia mbili. Ya kwanza inawapeleka kazini, na siku hiyohiyo unapata mikono 15 ya ziada. Ya pili inawajengea makazi yao, na baadaye unaweza kuwafanya wanagenzi wa wahandisi au wa waganga. Njia ya pili inaonekana ya huruma na ya hasara, lakini kwa muda mrefu ndiyo yenye faida, kwa sababu inasaidia palepale penye upungufu, kwa wahandisi. Sharti ni kwamba uweze kuvumilia siku za mwanzo bila mikono ile 15. Hapo tunarudi kwenye marundo ya makaa.

Zamu ya dharura ya saa 24 ndiyo sheria ninayoitia sahihi mapema bila aibu. Inapandisha manung'uniko, kweli, ila ukiitumia mara moja moja kwenye jengo moja, inakuokoa usiku ambao utabiri unaonyesha balaa. Ukiitumia kila siku, vibarua wataanza kukufia mikononi.

Ahadi zitunze. Watu watakuja wakitaka nyumba kwa kila mmoja, au joto, au dawa, na gemu itakuruhusu kuahidi kwa kubonyeza mara moja. Kabla hujabonyeza, simamisha mchezo, hesabu mbao zilizopo, hesabu mahema yanayotakiwa, angalia ni saa ngapi za kazi zimebaki. Ahadi ni deni, na humu riba yake inakatwa kwenye matumaini. Kukataa nako kuna gharama, lakini gharama hiyo unaijua tangu mwanzo.

Tafiti puto la kumulika mapema ili uwatume maskauti nje. Wanarudi na manusura, na chakula, na kubwa zaidi wanarudi na viini vya mvuke, vipuri adimu vya kuendeshea mitambo, ambavyo mji wako hauwezi kuvitengeneza hata ufanye nini. Viini hivyo ni vichache, na kila jengo kubwa linavitaka: mgodi wa makaa, kibanda cha kilimo, hospitali, roboti la mvuke. Kiini cha kwanza mimi hukipeleka kwenye makaa, au kwenye chakula kama wawindaji hawatoshi. Roboti lisilolala wala kuugua ni zuri, lakini lisubiri.

Maskauti hao pia wataleta habari fulani ambayo sitaitaja, nisimharibie mtu uhondo. Niseme tu kwamba matumaini yataporomoka, kundi la watu litaanza kudai kurudi London, na kitabu cha sheria kitafungua ukurasa mpya wenye njia mbili, nidhamu au imani. Hatua za mwanzo za njia yoyote ni za kawaida: walinzi, ibada, mikutano. Zinapandisha matumaini haraka sana, na hapo ndipo ulevi unapoingia. Hatua ya mwisho kabisa inauondoa mstari wa matumaini wenyewe, kwa sababu watu hawaulizwi tena. Ukiona mstari wa matumaini uko katikati na manung'uniko yametulia, funga kitabu. Sheria inapokuwa tayari kutiwa sahihi gemu hukuonyesha alama, na wengi hutia sahihi kwa sababu tu alama inawaka.

Mwishoni kuna dhoruba, na baridi yake inapita nyuzi 100 chini ya sifuri. Jiandae kwa maghala: makaa yakifika ukomo wa ghala hayaongezeki, hata uwe na migodi mitatu. Hospitali ziwe tayari kabla yake, na nyumba zisiwe mahema tena. Chakula kilichopikwa kiwekwe akiba, maana wawindaji hawatatoka. Ukivuka, utaonyeshwa mji wako ukijengeka upya tangu hema la kwanza, huku sheria ulizotia sahihi zikitajwa. Ukipita njia nilizokueleza, orodha hiyo inakuwa fupi.

Anza na kiwango cha wastani. Chepesi hakikufundishi kuhesabu, na kigumu kitakufanya uchukie gemu kabla hujaielewa. Frostpunk 2, iliyotoka Septemba 2024, iache kwanza: inahusu makundi yanayobishana katika baraza na mafuta yanayochukua nafasi ya makaa, na haina ule ukaribu wa kumwona kibarua mmoja akikata njia kwenye theluji. Hali ya kucheza iitwayo Survivor nayo usiifungue hadi umeimaliza hadithi ya kwanza, kwa sababu huko hakuna kusimamisha mchezo, na ushauri wangu wote hapo juu unahitaji kusimama na kuhesabu.