Wavuvi wa samoni Alaska wanachangia
Je, wavuvi wa samoni wa Alaska, jimbo la Marekani, huchangia gharama za kuongeza samaki hao? Wanachangia, tena kwa makato. Wavuvi wenye kibali katika eneo hupiga kura. Wakikubali, asilimia 2 au 3 ya thamani ya samoni hukatwa kila wanapouza. Ukiuza wa dola 10,000 kwa asilimia 3, unaondoka na 9,700. Mnunuzi ndiye hupeleka makato serikalini, kisha jimbo huyaelekeza kwa chama cha eneo hilo kinachototolesha mayai na kuachia vifaranga. Vituo vya kutotolesha vya chama hicho pia huuza sehemu ya samoni wanaorudi kutoka baharini ili kufidia gharama. Ila tusichanganye: pesa hii hasa huongeza samaki wa kuvuliwa, si kurekebisha mito. Mto ulioharibika unahitaji kazi nyingine kabisa, na samaki wa kituoni wakizaliana na wa mwituni huleta shida yake.