Mdogo wangu ameacha Sabato: nikinyamaza, nabeba dhambi yake?

SWALI: Shalom, Rabi. Mdogo wangu alifiwa na mkewe mwaka jana. Tangu hapo haonekani sinagogi, na Sabato hufungua duka kama siku nyingine. Nikimwonya tunagombana. Wazee wawili wananiambia msiba wenyewe ulimpata kwa ulegevu wake wa dini. Torati imetuamuru kukemea. Nikinyamaza, dhambi yake haitanirudia?

JIBU: Shalom, ndugu yangu. Aya inayokutia hofu ni Mambo ya Walawi 19:17, isemayo umkemee mwenzako wala usichukue dhambi kwa ajili yake, na kweli ni amri. Lakini tazama Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya wahenga wetu, inavyoifafanua katika kitabu chake cha Arakhin 16b: dhambi inayotajwa mwishoni mwa aya ni ya mwonyaji mwenyewe, anapomwaibisha mwenzake hadi uso ukambadilika. Papo hapo Rabi Tarfon anashangaa kama katika kizazi chake yupo anayekubali kuonywa, naye Rabi Elazar ben Azaria anashangaa kama yupo anayejua kuonya. Hao ni wakubwa wa zama za Mishna, mkusanyiko wa sheria ambao ndio msingi wa Talmudi!

Sasa mkumbuke Hana, ambaye habari zake tunazisoma siku ya kwanza ya Rosh Hashana, Mwaka Mpya wetu. Amekaa miaka bila mtoto, mke mwenza anamchokoza, na mumewe Elkana anamwuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. (Elkana alimpenda, hilo halina ubishi, ila hapo alijizungumzia yeye.) Hana anaenda kuomba huko Shilo, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani Eli anamwona, anadhani amelewa, anamkaripia. Hana anamjibu kwa adabu kwamba hakunywa kitu, ni mwanamke mwenye huzuni anayemmiminia Mungu roho yake.

Katika kitabu kingine cha Talmudi, Berakhot 31b, wahenga wanatoa hapo hukumu mbili. Aonaye jambo lisilofaa kwa mwenzake amwonye, kwa hiyo Eli hakukosea kusema. Na aliyemshuku asiye na hatia hana budi kumtuliza, tena ambariki, kama Eli alivyofanya. Kilichompotosha Eli ni kutazama midomo bila kuuliza kilicho moyoni. Alipomsikiliza, yeye yule aliyekaripia ndiye aliyembariki, na Hana akaondoka akala chakula, uso wake haukuwa tena na huzuni.

Wewe umeona duka liko wazi. Je, umewahi kumwuliza usiku wa kuamkia Sabato unakuwaje nyumbani kwake? Nani anawasha mishumaa? Kwa mgane, hiyo pengine ndiyo saa ngumu kuliko zote za juma. Utaniambia siku 30 za maombolezo zimekwisha zamani. Ni kweli, lakini sheria hiyohiyo humtaka mgane, kwa kawaida, asubiri sikukuu tatu zipite ndipo aoe tena. Haikudhani kwamba mke husahaulika upesi.

Basi Ijumaa hii usimwite sinagogi. Mwalike kwako kabla jua halijazama, au umpelekee mikate na mishumaa ukae naye. Habari za duka ziache. Mfariji hafungui mazungumzo mpaka mfiwa afungue. Tumejifunza hivyo kwa rafiki za Ayubu, walioketi naye siku saba kimya.

Sisemi Sabato imekuwa ruhusa kwake. Siku ya kusema itafika, na Rambam (Maimonides), mwanazuoni mkubwa wa sheria zetu, ametuelekeza namna: faraghani, kwa upole, umwoneshe kuwa unasema kwa faida yake. Hadi hapo shika neno la Yevamot 65b: kama ilivyo wajibu kusema neno litakalosikika, ndivyo ilivyo wajibu kutosema lisilosikika.

Ama hao wazee wawili, waliyoyasema ni haramu. Bava Metzia 58b inakataza waziwazi kumwambia mwenye mateso kwamba amejiletea kwa dhambi zake, kama rafiki za Ayubu walivyofanya walipofumbua vinywa. Hao ndio wanaohitaji kuonywa sasa, kabla maneno hayajamfikia mdogo wako. Nenda kwa kila mmoja peke yake, nao usiwaaibishe.